Kanzu kwenye Kamba ya Bibiane

Albertville, tarehe 29 Julai 1956

Kwako kaka yangu mpenzi Idi,

Assalaam alaikum. Nakusalimu wewe na wote wanaolala chini ya paa lako: Mama na kile kifua chake kinachomsumbua kila upepo wa kusini unapovuma, wifi yangu Fatouma, na watoto ambao sijui hata wamerefuka kiasi gani. Je, Mama bado anakataa dawa ya hospitali? Je, nyumba mmeshaiezeka? Huku miili yetu ni mizima, tunamshukuru Mungu. Hidaya wangu ameng'oka meno ya mbele na akicheka anafanana na bibi yake.

Mwili mzima, lakini moyo, kaka, sijui niseme nini. Yaliyonipata mwezi huu, kama ningesimuliwa na mtu ningemwambia anaongopa.

Unakumbuka nilikuandikia mwaka jana jinsi shemeji yako Maliki alivyoingia kwenye mbio za sikukuu ya Wabelgiji. Mbio zile huanzia bandarini, hufuata ufuko mpaka daraja la Lukuga, hurudi, na kuishia juu ya kile kilima cha nyuma ya karakana ya reli. Maliki aliongoza njia nzima. Alipofika kilimani miguu ikamgomea, na Casimir, yule mchochea moto wa treni, akampita huku anapiga mluzi. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Tulipofika nyumbani nikamwambia yaishe: karani wa bandari mwenye heshima zake, mtu anayefundisha watoto wa watu Kurani, hawezi kukimbia mapaja nje mbele ya wakwe. Akasema sawa. Nikayasahau.

Basi Ramadhani ilipokwisha mwaka huu, mambo yakaanza kubadilika. Biro, ofisi yao ya bandari, inafungwa alasiri, yeye anafika nyumbani jua linakaribia kuzama. Hasemi neno. Anapitiliza bafuni, anajimwagia maji kutoka utosini mpaka nyayoni. Kaka, wewe ni mtu mzima, sina haja ya kukufafanulia. Maji ya udhu yanajulikana, na maji ya josho yanajulikana. Mume ambaye hakulala na mkewe mchana, jioni anaosha kichwa kwa sababu gani? Kanzu yake niliinusa. Ilikuwa kavu, safi, haina hata tone la jasho, na yeye mwenyewe shingo na mgongo vimelowa. Maana yake kanzu ilivuliwa mahali. Nani anavua kanzu nje ya nyumba yake, jamani?

Na kula sasa! Bukari, ugali wa huku, ya watu wawili, na ndagala, dagaa wetu, sahani nzima, kisha analala kama gogo. Mimi nabaki macho nikihesabu maboriti ya paa. Nilijiambia nimeolewa na mwanamume anayechoshwa na mwingine na kulishwa na mimi.

Nilipomdokezea jirani yangu Adolphine, yule muuza maandazi, hakushangaa hata kidogo. Alisema kila alasiri anamwona Maliki akipandisha kilima cha karakana, na kwamba juu kule hakuna nyumba ila ya Bibiane, mjane wa fundi wa reli. Akaongeza kuwa Bibiane bado ni mwanamke wa kutazamika. Rafiki gani huyo, naye! Lakini nilimsikiliza, tena nilimwomba anisindikize.

Tulipanda kwa njia ya nyuma, ile ya mawe. Nilipochungulia tu ua wa Bibiane, macho yangu yakagota kwenye kamba ya nguo: kanzu ya Maliki, ile niliyomshonea kola kwa mkono wangu, imeanikwa vizuri, imenyooshwa, na kofia yake imewekwa juu ya kigingi. Bibiane alitoka ndani na kata ya maji mkononi. Kaka, niliona giza. Nilipiga kelele ambazo nadhani zilifika mpaka bandarini. Wafanyakazi wa karakana walitoka, wanawake wenye madumu ya maji wakasimama.

Hapo ndipo Maliki alipojitokeza kutoka upande wa pili wa kilima, amevaa kaptula, kifua wazi, jasho linamtiririka kama aliyetolewa ziwani. Nikamuuliza hiki nini. Hakujibu. Nikamuuliza tena, nikamwita majina ambayo barua haiwezi kuyabeba. Alikuwa ameinama, mikono magotini, mdomo wazi, anahema tu. Mimi nilichukua kule kunyamaza kwake kuwa ndiyo. Nikamwambia mbele ya watu wote kwamba kama yeye ni mwanamume kweli, anipe talaka yangu pale pale.

Kaka yangu, pumzi ya kwanza aliyoipata aliitumia kuniacha. Alisema wazi, kila mtu akasikia: Mwavita, nimekuacha.

Hata maneno hayajapoa, nyuma yake akatokea mwanamume wa makamo, naye anahema. Ni Théophile, msimamizi wa karakana, aliyekuwa askari zamani, kaka yake Bibiane. Alitutazama mmoja mmoja kama mtu aliyekuta nyumba inaungua. Bibiane ndiye aliyesema kwanza, kata bado mkononi, kwa Kiswahili cha huku ambacho njo ni ndiyo: “Mama, hapa hakuna mubaya. Njo kanzu yake tu anaachaka, isipate vumbi.” Théophile akaeleza kwamba jeshini walifundishwa hivyo. Mtu akishindwa na mlima haupandi mara moja na kwenda zake. Anaupanda kwa kasi, anashuka polepole akitembea, anageuka na kuupanda tena, mpaka miguu ikatae, na kesho yake anarudi. “Anapandaka, anashuka, anapanda tena. Njo kazi yake hapa, Mama. Hakuna ingine.” Tangu Ramadhani iishe walikuwa wanaupanda kilima kile wawili, kila siku, ili Casimir asimpite tena. Na alinificha kwa sababu mimi mwenyewe nilimkataza na kumcheka.

Kwa hiyo yale maji yalikuwa ya jasho. Ya jasho tu, kaka! Nilikaa chini kwenye mawe, nikashindwa hata kulia. Wale wafanyakazi wa karakana ndio waliocheka. Maliki alichukua kanzu yake kwenye kamba, akaivaa, akashuka bila kunitazama. Kwa kweli mdomo uliponza kichwa.

Jioni ile alihamia kwa baba yake mdogo, Papa Jumaa, yule mzee wa msikiti. Mimi nikaanza eda nyumbani. Majirani wakaja kunifariji, na faraja yao ilikuwa moja: wanaume hukasirika, hasira hasara, lakini eda ni ndefu. Hii ni talaka ya pili tu, walisema. Ya kwanza si wewe kaka yangu ulivuka ziwa mwenyewe ukaja kusuluhisha, na mambo yakatengenea? Atarejea. Papa Jumaa naye alinitumia ujumbe nisiwe na wasiwasi, amekwisha kuandaa mashahidi wawili wa kunirejea, anasubiri tu moyo wa kijana upoe.

Sikukuu ikafika. Sikutoka, lakini kelele za kilimani zilinifikia mpaka chumbani. Adolphine alikuja mbio kunieleza: Casimir alikuwa mbele mpaka chini ya kilima, Maliki akampita katikati ya mwinuko, na alipofika juu hakusimama hata kuhema, alikimbia tu kama vile kilima bado kinaendelea. Nilijisikia fahari, nisikudanganye. Nilisahau kwa muda kwamba sina haki nayo.

Halafu nikasikia ngoma inakuja mtaani kwetu. Walikuwa wamembeba mabegani, kaka. Walimleta mpaka mlangoni pangu, na mbele alikuwa Papa Jumaa na mashahidi wake wawili, wamevaa kanzu nyeupe, wanatabasamu. Walikuwa wamepanga. Furaha mbili kwa siku moja. Wakamshusha, wakaita niweke sikio nyuma ya mlango, ngoma ikanyamaza. Papa Jumaa akamwambia Maliki aseme neno lake, watu wakale wali.

Sasa kaka, nikueleze jambo ambalo nyinyi wa Ujiji hamkulijua, wala mtu yeyote wa hapa. Ile ya kilimani haikuwa ya pili. Miaka mitatu iliyopita, asubuhi moja, kwa sababu ya neno dogo la chumbani, Maliki alinipa talaka tukiwa wawili tu. Kabla ya adhuhuri alikuwa analia, akanirejea, tukakubaliana isitoke nje kwa aibu. Kwa hiyo ya kilimani ilikuwa ya tatu. Ya tatu hairudi, unajua. La kuvunda halina ubani.

Hakuna aliyejua ila mimi, yeye na Mungu. Neno moja tu, nimemrejea, mbele ya mashahidi, na tungekula wali, na Hidaya angelala kati ya baba na mama yake kama kawaida. Nilisubiri nimsikie anakataa. Maliki, kaka, mtu anayewachapa watoto wakikosea aya! Nikamsikia anavuta pumzi, kisha akaanza: “Nimem...”

Alikuwa anakwenda kulisema. Kwa ajili yangu, alikuwa tayari kuishi na mimi katika haramu maisha yake yote. Nikapiga mlango kwa viganja na kusema kwa sauti ya juu: “Usiseme, Maliki! Ni ya tatu, na wewe unajua!”

Papa Jumaa alimuuliza kama ni kweli, naye akajibu kwamba ni kweli. Nikasikia nyayo zikiondoka moja moja. Hakuna aliyepiga ngoma.

Watu wanasema nimemwokoa. Usiwaamini. Wewe peke yako nakuambia: nilijua tangu alipofungua mdomo anachotaka kusema, na nilimwacha afike katikati ya neno, kwa sababu nilitaka kulisikia.

Ng'ombe akivunjika guu hurudi zizini. Eda yangu itakwisha mwanzo wa Oktoba. Nakuomba uje na meli unichukue pamoja na Hidaya. Ukifika usimseme Maliki vibaya, wala usiulize habari za mbio. Nisalimie wifi, wabusu watoto, wape salamu majirani wote wanaonikumbuka. Mama usimsomee barua hii. Mwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, akiwa ameketi.

Ni mimi dada yako asiyekuficha tena,
Mwavita