Kuku wa Yeyo

Jumamosi, 7 Juni 2025

Amefika. Na kuku sita!

Lemomo aliniambia mama yake anakuja na mizigo kidogo. Mizigo kidogo — tenga zima la kuku nyuma ya gari la kuazima, linapiga kelele kutoka Oldonyo Sambu mpaka hapa Moshono. Namuuliza mume wangu mbona hukusema, ananijibu ningekataa. Kweli kabisa. Ningekataa.

Lakini Yeyo tulimhitaji aje. (Yeyo ni mama kwa lugha yao, ndivyo Lemomo anavyomwita na mimi nimefuata.) Tangu aanguke njiani akitoka kuchota maji, akalala pale chini nusu siku bila mtu kupita, hapa ndani hakuna anayelala vizuri. Tumembembeleza miezi. Leo kakubali, kwa sharti, na kalitamka pale pale getini, shikamoo yangu hata hajaiitikia: kuku wake wakikaa, na yeye atakaa. Wakishindwa, wanarudi wote.

Kuku wake nimewaweka stoo, peke yao. Wiki mbili, niwaangalie kwanza kama ni wazima. Ugonjwa wa kideri ukiingia kwenye banda langu nimekwisha. Wale wangu nimewalea toka vifaranga, kwa taa ya umeme, usiku naamka kuwaangalia kama watoto wachanga. Yeyo alinitazama nikikomea mlango. Sikupenda alivyonitazama.

Jumapili, 8 Juni

Nimetoka kanisani, stoo iko wazi! Kawaachia wote bandani kwangu, na yeye amesimama hapo na fimbo yake anaangalia vita. Manyoya juu, vumbi juu. Mwenyekiti — jike langu kubwa la kahawia, jina nilimpa mwenyewe na analistahili — amempanda mgongoni kijike cheusi anamdonoa kichwa.

Nikasema Yeyo, si tulikubaliana wakae kando? Akasema mgeni hafungiwi stoo kama gunia la mbolea. Kwao mgeni anaingia ndani, anapewa maziwa, mengine yatafuata. Nikasema hawa ni kuku. Akasema anajua ni kuku, yeye ndiye kawaleta.

Nimewakimbiza nikiwa na gauni la kanisani. Mmoja ilibidi ateremshwe kutoka juu ya tanki la maji. Lemomo alicheka mpaka akakaa chini. Atajipikia leo.

Jumatatu, 9 Juni

Mayai yamepungua zaidi ya nusu. Kuku wamesusa.

Nimegawa banda kwa wavu. Wangu huku, wake kule, waonane bila kugusana, wazoeane. Ndiyo njia yenyewe, kila mfugaji anayejua anasema hivyo. Yeyo anauita jela. Nikipita ananiuliza wafungwa wameamkaje.

Jumatano, 11 Juni

Wavu umeng'olewa. Kwa kisu changu cha nyama!

Sasa kuku wake kila mmoja ana kamba mguuni na kigingi chake, uwanja mzima. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, kasema, hukufundishwa hilo huko kwenu Machame? Nilifundishwa! Ila bibi yangu alikuwa na kuku wachache na shamba la migomba. Hapa kuku aliyefungwa hana pa kukimbilia, na Mwenyekiti analijua hilo. Amezunguka kigingi kwa kigingi kama mkaguzi wa shule. Nilipotoka kufua, yule mweusi, Yeyo anamwita Narok, hana manyoya shingoni. Damu. Na kuku wakishaona damu hawaachi.

Nimempaka dawa ya bluu, Yeyo kamshika. Halafu ananiuliza kwa nini kuku wangu wana roho mbaya. Kana kwamba nimewasomesha mimi!

Kamba nimezifungua zote. Wavu nimerudisha. Hajanisemesha tena mpaka chakula cha jioni.

Ijumaa, 13 Juni

Ruth, jirani yangu, kanishauri: mtoe huyo mkorofi siku mbili tatu, akirudi atakuwa mgeni yeye, adabu itamshika. Nimemfungia Mwenyekiti stoo, nikatoa wavu. Haikupita nusu saa, jike lingine limeshachukua uenyekiti. Kali kuliko la kwanza! Nimeshika tama tu.

Yeyo hali vizuri. Ugali anaacha nusu. Maziwa ya paketi anasema ni maji yaliyotiwa chaki. Anafagia uwanja ambao nimeshaufagia. Majirani wana mageti, atamwita nani? Leo nimemsikia nyuma ya banda akiongea, polepole, kwa Kiarusha. Nikadhani ana simu. Alikuwa amempakata Narok. Maneno niliyoyashika ni machache — nyumbani, mvua, jina la marehemu baba mkwe.

Nilikuwa nimekasirika vizuri tangu asubuhi. Sasa hata hasira yenyewe inanisumbua.

Jumapili, 15 Juni

Nimempigia mama mkwe kelele. Mimi, niliyelelewa nikaleleka!

Kafungua geti. Kasema kuku hali kwenye sahani, kuku anatafuta. Basi wakatafuta — wangu, wake, na Mwenyekiti, niliyemtoa stoo jana, akiwa mbele, wote kwenye mchicha wa Ruth. Halikubaki jani. Nimeomba msamaha mpaka ulimi umekauka. Narudi, namkuta amesimama getini ameridhika kabisa, anasema umeona, leo hawakugombana.

Ndipo nikapasuka. Hapa siyo Oldonyo Sambu! Nilisema kwa sauti kubwa, mbele ya mwanawe, mbele ya Naisula mwanangu ambaye kampisha bibi yake chumba bila kunung'unika.

Akasema: "Najua, mama Naisula. Kila nikiamka najua."

Akaingia ndani. Chakula hakugusa.

Jumatatu, 16 Juni

Anaondoka keshokutwa. Kuku wamekataa, kasema, na sharti ni sharti. Hakulisema kwa ubaya. Afadhali angelisema kwa ubaya. Nimemwomba radhi, akanishika kichwa kama anavyomshika Naisula, akasema ameshasahau. Ila gari litafutwe.

Lemomo hanilaumu. Amenyoosha shati lake mwenyewe, basi.

Nilitaka nyumba yangu. Ndiyo hiyo inarudi! Mbona moyo mzito? Akianguka tena kule, nani atapita?

Jumatano, 18 Juni

Gari lilifika asubuhi na ukungu, dereva anapiga honi kama kuna msiba. Tumekamata kuku. Watano tengani. Narok hayupo.

Tumetafuta kwenye mchicha, nyuma ya tanki, chini ya gari. Nimemkuta mimi, ndani ya kiota cha mwisho bandani, amejitandaza juu ya mayai. Kuingiza mkono, kanidonoa mpaka nikapiga yowe. Mwenyekiti akaja kuchungulia kuna nini. Narok akavimba manyoya yote, yale machache aliyobakiwa nayo, akatoa mlio ambao sijawahi kuusikia. Mwenyekiti akarudi kinyumenyume! Naapa.

Yeyo akainama, akaangalia kwa muda mrefu. "Analalia," akasema. "Kuku anayelalia hasafirishwi. Siku ishirini na moja."

Mayai yenyewe ni makubwa, ya kahawia. Ya kuku wangu. Na mimi sina jogoo, sijawahi kuwa naye, wala Yeyo hakuleta. Yale yakilaliwa hata mpaka Krismasi hayatoi kifaranga. Na Yeyo anajua. Mtu aliyefuga kuku maisha yake yote, ameamka hapa asubuhi zote hizi, hajasikia kikiwika kitu bandani kwetu. Tukatazamana. Hakukwepesha macho. Na mimi sikukwepesha.

Lemomo akaanza: "Lakini mama, hayo mayai si hayana—"

Nikamkanyaga mguu. Kwa kisigino.

Nikasema ni kweli, hasafirishwi, itakuwa dhambi. Dereva kanywa chai, kaondoka analalamika. Yeyo kawatoa wale watano tengani mmoja mmoja, akaniagiza majani makavu ya kutandika, mengi, na siyo yale yenye unyevu niliyomletea mara ya kwanza. Ameshaanza kunituma!

Ruth ana jogoo. Nimempigia simu, kanisamehe mchicha, kanipa mayai kumi, yako hapa jikoni chini ya kitenge. Kazi ni kuyaingiza kwa Narok na kuyatoa yale mengine bila Yeyo kuniona. Nimeenda mara tatu, nimerudi mara tatu. Yeyo kavuta kiti mlangoni mwa banda, kajifunika shuka lake, na anasema hapo hatoki.