Silikoni Ilikuwa Yangu

Yaya Hamisi, kaka yangu mukubwa,

Nilikukosea. Naandika neno hili mbele ya salamu juu najijua: nikianza kuuliza habari za ndagala na za mvua, nitafika mwisho wa karatasi bila kusema kitu. Moteri ya gari ya baba haikuuliwa na mafuta yako. Niliiua mimi, na nilijua tangu kesho ya siku ilipokufa.

Haya, nimeisema, napumua. Amahoro, yaya. Uko aje? Mugongo iko aje na ile kazi ya kukamua mawese kule Kizuka? Shemeji Mwajuma, goti limepona? Mimi niko muzima, ninakula vizuri, nimenenepa mpaka mushipi umebakiza tundu moja. Baridi ya huku Ubelgiji imepungua, watu wamevua makoti na wanacheka ovyo barabarani. Mimi pia nacheka ovyo wiki hii. Usishangae kuona barua ya mutu anayeomba musamaha imejaa furaha, nitakueleza sababu.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Nimepiga mara tatu. Kila mara nasikia unavyocheka, nabadilisha maneno, nauliza kama samaki wa mikeke wako wengi sokoni. Kwa karatasi huwezi kunichekesha.

Unakumbuka siku ya harusi ya Zaituni, binti wa jirani yetu. Miaka ishirini imepita lakini najua unakumbuka, maana hawakukuacha usahau. Gari ya baba ilikuwa imetoka kutengenezwa na sisi wawili. Kazi tuligawana: mimi juu, wewe mafuta. Mimi nilirudisha ile nyumba ya arbakami juu ya kilasi, kichwa cha moteri, nyumba ya ile chuma ndefu yenye matumbo inayosukuma masupapu, ile milango ya hewa. Wewe ulikataa mafuta mepesi ya kisasa ya dukani, ukaweka mafuta mazito ya kamyo, yale ya malori. Watu wa parking ya Rumonge, pale magari yanapopakia, walicheka: «Hamisi, gari ya maharusi unainywesha kama Fuso?» Ukawajibu: «Moteri ya kizee inataka uji, haitaki chai.»

Tukafunga maua kwa kapo, ule mufuniko wa moteri, tukamuchukua bibi harusi kumupeleka Gitaza. Kabla ya kufika, moteri ikaanza kupiga kelele kama mutu anatikisa misumari ndani ya sahani. Kisha ikanyamaza. Zaituni akapanda kamyo iliyokuwa imebeba ndagala, na gauni yake nyeupe, akafika kwa bwana wake ananuka samaki kuliko soko lote. Mama mukwe wake akamwambia: «Karibu mwanangu, umekuja na kitoweo kabisa.»

Kesho yake baba alinituma nifungue. Ulikuwa umeenda kuomba radhi Gitaza, nilikuwa peke yangu. Nikaondoa ile nyumba ya arbakami, nikaona. Yaya, kuna katundu kule chini, kadogo kama punje ya muchele, njo kanapandisha mafuta juu. Nilikuwa nimepaka silikoni, ile gundi ya kuziba mafuta yasivuje, nyingi kama mutu anayepaka siagi kwa mukate wa mugeni. Nilipokaza vis, zile skrubu, ile ya ziada iliingia ndani ya katundu ikaganda. Mafuta hayakupanda hata tone. Matumbo ya arbakami yaliliwa yakabaki laini kama sabuni ya mwisho. Mafuta yako, mazuri yote, yalikuwa yamekaa chini yanangojea njia.

Nikachukua waya, nikazibua, nikaweka kale kakipande ka silikoni mufukoni. Nikaenda kukatupa ziwani, nikanawa mikono.

Uliporudi, baba akauliza mbele ya watu wote wa parking: «Sasa kosa ni la nani?» Mutu mumoja akasema ni mafuta ya kamyo. Baba akaniangalia mimi. Na mimi nikasema: «Nilimukataza.» Neno moja tu. Ulikuwa umesimama palepale, ukaniangalia. Nafikiri ulingoja nicheke, niseme ni mzaha. Sikucheka.

Baba akanipa funguo za garaje. Wewe ukavua kombinezo yako ya kazi, ukaenda Kizuka kwenye mawese, na sijasikia kama umeshafungua kapo ya mutu tena. Jina la Kamyo likakushika. Zaituni mwenyewe, kila ukipita Gitaza anaacha kuanika ndagala, anapiga kelele: «Kamyo! Leo umetuwekea gani?» Na mimi nilikuwa nacheka pamoja nao, yaya. Hilo linaniuma kuliko hata neno lenyewe.

Sasa sikiliza furaha yangu.

Unajua patroni wangu, Muzee Lucien, anajenga moteri za magari ya zamani ya mashindano. Mwaka huu tulipata moja nyekundu, ya mama mumoja muzee, Madamu Odette, aliyekimbiza gari hiyo mwenyewe akiwa musichana. Sasa anatembea na fimbo, lakini alikuja na kofia yake ya mashindano ndani ya sakoshi. Moteri yake, arbakami iko juu ndani ya nyumba yake, sawa na ile ya baba. Lucien akanipa mimi kazi ya kuifunga. Nilipaka silikoni kidogo kama mutu anayeandika na kalamu. Kisha nikapuliza katundu na hewa ya kompreseri. Nikapuliza tena. Mara ya tano Lucien akasema: «Ramazani, katundu kako wazi. Unataka kupuliza mpaka gari iruke?»

Siku ya kuweka mafuta ikawa vita. Madamu Odette alitaka mafuta ya nyonyo, yale waliyotumia zamani kwenye mashindano. Lucien hataki. «Madamu, nyonyo inalinda chuma vizuri, lakini ikikaa inakuwa gundi. Gari yako inalala miezi.»

«Nataka harufu yake!»

«Nitakununulia chupa unuse nyumbani.»

Yule mama akanigeukia: «Na wewe, bwana wa kupuliza, ungeweka gani?»

Nikajibu bila kufikiri: «Kaka yangu angeweka mafuta mazito ya kamyo. Anasema moteri ya kizee inataka uji, haitaki chai.»

Nilingoja wacheke. Lucien akaweka kitambaa chini. Akasema: «Kaka yako iko fundi. Mafuta mengi ya kisasa yamepunguzwa zinki, na arbakami ya zamani bila zinki inajila yenyewe. Ya kamyo, yakiwa mazuri, yanayo. Mimi nilichukua miaka kujua hiyo. Yeye alisoma wapi?»

«Rumonge,» nikasema. «Kwa masikio. Alikuwa anasikiliza moteri.»

«Alikuwa? Amekufa?»

«Hapana. Mimi njo niliharibu jina yake.»

Yaya, yote ikatoka palepale, harusi, katundu, waya, ndagala, na Kifaransa changu kibaya. Madamu Odette alisikiliza mpaka mwisho. Alicheka kwa gauni ya Zaituni, kisha akaacha kucheka. Akanipiga na fimbo kwa kiatu, si kwa mzaha: «Miaka ishirini! Na unathubutu kugusa gari yangu? Mwandikie.»  Lucien alienda kuchukua bidoni ya mafuta mazito, akaniletea nimimine mimi.

Siku ya kuwasha, kwanza tulizungusha pompi ya mafuta pekee, na mashini ya kutoboa, moteri imelala. Mimi nilikuwa juu na taa, kifuniko kiko wazi, naangalia arbakami. Hakuna kitu. Kisha nikaona tone kwa tumbo la kwanza, kama jasho kwa pua ya mutu anayekula pilipili. Tumbo la pili. La tatu. Yote, yaya! Nikapiga kelele kwa Kiswahili: «Yamefika! Yamefika!» Hawakuelewa, lakini walipiga makofi.

Tukafunga, tukawasha. Moteri ya hivyo hairuhusiwi kupumzika siku ya kwanza, unaishika juu kwa mbio dakika ishirini ili arbakami na wenzake wazoeane. Hakukuwa na misumari ndani ya sahani. Ilikuwa inaimba sawasawa tu. Madamu Odette alivaa kofia yake, akakaa ndani, mikono kwa usukani, gari imesimama na yeye anapinda kona. Lucien, mutu asiyechekaga, alicheza na ufagio. Na mimi nilicheza, na mutumbo wangu huu. Nililia pia, lakini hawakujua ni kwa nini, walifikiri ni moshi.

Nilitaka uwe pale. Ungeweka sikio lako, ungesema kitu kimoja, na kingekuwa kweli.

Sikuombi unisamehe leo. Kasirika kwanza, una haki. Lakini hii barua usimusomee baba, nakuomba. Amezeeka, na uwongo aliusikia kwa kinywa changu, inafaa akisikie kinywa hichohicho kinavyouvunja. Msalimie sana. Msalimie mama, mwambie dawa ya macho iko kwenye muzigo nitakaokuja nao. Salamu kwa shemeji Mwajuma anayekuvumilia, kwa dada yetu Asha muuza vitenge, na kwa mujomba Saidi wa mitumbwi, aliyekuwa peke yake siku ile kusema «Hamisi si mutu wa kukosea mafuta». Mwambie alikuwa na haki. Murakoze kwa miaka yote umepokea simu zangu kama hakuna kitu.

Tikiti ninayo, Lucien ameshanipa konji, ruhusa ya kupumzika kazi. Nafika Bujumbura siku ya Alhamisi, mwezi wa nane ukianza. Kesho yake asubuhi, Ijumaa ya kwanza ya mwezi huo, nitapanda gari ya Rumonge, nitashuka Gitaza nimuchukue Zaituni, atake asitake. Watu wakitoka kuswali adhuhuri, nitasimama pale parking, baba amekaa kwa kiti mbele yangu, na wewe ukitaka uje, usipotaka nitasema hata hivyo. Nitasema: «Hamisi aliweka mafuta ya sawa. Tundu nililiziba mimi. Hakuna siku nilimukataza, nilidanganya.» Nitaisema kwa Kiswahili, kisha nitairudia kwa Kirundi, ili asipatikane mutu wa kusema hakusikia.

Mudogo wako,
Ramazani