Mkungu Ulitangulia Kuvuka

Jumapili, tumerudi salama

Bado nacheka. Mlezi wa vijana wa usharika, niliyewaahidi wazazi kuwarudisha wote, kumbe anayeogopa maji ni mimi!

Jana ziwani, tukivuka kwenda kambini ng'ambo, nilipanda mtumbwi nimekumbatia mkungu wa ndizi, maana sisi hatuendi safari mikono mitupu. Mpiga kasia akasema, "Mama, tutazama. Chagua: wewe au ndizi."

"Ndizi zitangulie!" Nilishuka mbio.

Nikabaki ufukweni nikisali, macho nimefumba, hadi Koku, binti wa kwaya, aliporudi na mtumbwi kunichukua. "Mama mlezi, sema amina. Wenzako wote wameshafika kambini, umebaki wewe tu, na ndizi zinaiva."

Nilivuka nimemng'ang'ania mkono.

Leo mama yake amenishukuru kwa kumtunza mwanawe. Bwana nisamehe, nimeitikia.