Moshi wa mama mkwe

Shoga uko wapi? Nimejifungia chooni kwa mama mkwe, nacheka hadi machozi.

Unakumbuka alivyonisema mbele ya kikundi cha akina mama nilipopeleka majiko yangu ya gesi kuuza? "Gesi ni ya wavivu! Mume wangu hali chakula kisicho na moshi!"

Leo nimekuja bila kumwambia. Uani nakuta ukuni mmoja unafuka moshi, hakuna sufuria wala mtu. PEKE YAKE shoga!

Naingia jikoni, mama mkwe huyo kainamia jiko la gesi, anageuza maharage. Tena kanunua kwa mshindani wangu!

Akanidaka mkono. "Mwanangu, kikohozi kilikuwa kinaniua. Ule ukuni ni wa baba yako, asikie harufu tu. Ukifungua mdomo, mimi na wewe basi."

Nikaapa. Tukapakua.

Baba mkwe kala sahani mbili, akanigeukia: "Umeona? Hiki ndicho chakula cha kuni." Mama mkwe kainamisha kichwa kama bibi harusi. Mimi maharage yakanipalia.

Nimetoka kunawa, baba mkwe akanifuata, ananong'ona:

"Mkwe wangu, gesi ikiisha niambie mimi, nikupe hela ukaijaze wewe. Ila mama yako asijue kwamba najua. Kwa ubishi ule, kesho anarudi kwenye kuni."

Shoga nimeapa mara ya pili! Sasa wote wawili wananiita nikanywe chai, na sijui nitamwangalia nani usoni.