Koti Lililonuka Tina

Chumba Namba 6,
Ghorofa ya Tatu, Nyuma ya Gereji.
Jumapili, tarehe 19.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na kifua cha Ba Mdogo? Sisi huku wazima, ila baridi inatutafuna na mimi sikai nikatulia. Tangu nianze barua hii nimeinuka mara tatu kuchungulia dirishani, na hakuna ninachokitafuta.

Uliuliza kazi yangu ni ya namna gani. Kila asubuhi napanda juu ya paa la ofisi, nafungua kijitungi cha chuma kivute hewa, kisha maabara wanapima mivuke iliyomo: ya petroli, ya gesi ya kupikia, ya kuni, ya rangi. Kipupwe hiki jua ni dhaifu na hewa ya baridi imeulalia mji, basi mivuke haitawanyiki upesi. Na mvuke ulio mwingi si lazima uwe ndio mkorofi. Ule wa tina, ile ya kuzimulia rangi, hata ukiwa kidogo, ukikutana na moshi wa magari na jua unageuka hewa ya kuwasha vifua.

Tina ndiyo iliyozidi kwenye vipimo vyangu. Nikaandika kwamba inatoka karakana ya samani ng'ambo ya barabara, wanakochanganya tina na vanishi. Fundi mkuu wao alinisimamisha njiani: "Mama Hewa, vanishi gani? Kwa baridi hii haikauki! Tangu mwezi juzi tunaranda tu." Sikumwamini. Karakana ikafungwa, na mafundi saba wako nyumbani wiki ya pili sasa.

Kesho yake baada ya kufungwa, Jumanne, mume wangu alivaa koti lake, lile ninaloliazima tangu zipu ya langu iharibike. Nikapanda na shali. Tina haikuonekana, ofisi nzima ikanipongeza. Jumatano nikalivaa tena, tina ikarudi, na karakana ina kufuli! Shangazi, unajua mume wangu anapuliza rangi za magari, na koti lake linanuka tina. Utaratibu wetu ni kufungua kijitungi na kurudi nyuma hatua kumi. Mimi, kwa baridi, nilikuwa nakikumbatia. Nyani haoni kundule.

Naona aibu. Hakuna anayejua bado, na mkuu wangu anataka kunipa usimamizi wa vituo vyote mwezi ujao. Jana nilikutana na fundi mkuu dukani, akanisalimia vizuri kuliko siku zote. Afadhali angenitukana.

Mficha uchi hazai. Kesho asubuhi nampelekea mkuu barua ya kukiri. Hii yako nimeianza kwanza, ili mkono uzoee kuandika ukweli.

Msalimie Ba Mdogo, na binamu yangu Kifupi, mwambie bado hajanizidi urefu. Mungu awatunze nyote. Niombee nisigeuke nikifika mlangoni kwa mkuu.

Wako akupendaye na asiyetulia,
Kitinda mimba wa kaka yako.