Namba za Baba na Uso wa Tumu

Jumatano, Mocímboa. Mawingu tangu alfajiri, mvua haitaki kunyesha, na joto limetuganda mwilini. Nimechoka, tena kwa jambo ambalo mtu mwingine angelicheka. Tangu Jumatatu napigana na kompyuta.

Kompyuta yenyewe ni ya baba. Iko chumbani kwao, karibu na dirisha la uani, kwa sababu baba aliogopa wezi kuliko alivyoogopa joto. Haina uwezo wa kushika mtandao hewani. Inategemea waya, na waya unapita kwenye tundu alilolitoboa mwenyewe ukutani mpaka sebuleni kwenye ruta, kile kisanduku cha intaneti chenye kadi ya simu ndani. Waya huo hauna urefu wa ziada hata shubiri moja. Baba alikuwa fundi wa simu mpaka alipostaafu, na aliwaambia watu wote kwamba waya mrefu ni uvivu.

Simu ya kwanza ya nyumba hii, enzi zile za kuzungusha mkono na kumwomba opereta, ilikuwa namba hamsini na saba. Mpaka anakufa alikuwa anaitaja namba hiyo. Hata ruta aliifungua akaingiza hamsini na saba katikati ya namba zake, na kompyuta akaipa anwani yake ya kudumu. Nilimwuliza, baba, kwa nini usiiache mashine ichukue namba yenyewe kama za watu wengine? Akanitazama kama nimemtukana. Kila kitu kiwe na namba yake, alisema, na namba ya mtu haichezewi.

Sasa hayupo. Mama yuko edani.

Wasioijua eda niwaambie kwa ufupi: miezi minne na siku kumi mama hatoki, mwanamume asiye maharimu wake hamwoni, na kwa jinsi mama anavyoishika yeye, hata sauti yake asiisikie. Na Tumu, mdogo wangu, ameolewa Mtwara na ana mimba ya kwanza, imeshatimia. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa bibi yake akiwepo. Tumu hakuweza kuvuka Rovuma kuja huku Msumbiji kumzika baba, na mama hawezi kuvuka kwenda kumpokea mjukuu. Wamekwama, huyu huku na yule kule.

Kwenye simu Tumu anasema sijambo, kila siku sijambo. Mama haamini. Anasema Tumu tangu mdogo alikuwa hodari wa kudanganya kwa mdomo, ila uso wake humsaliti. Jumatatu akaniambia niiwashe mashine ya baba amwone mtoto wake, kwani shemeji Bakari, mume wa Tumu, ana laptop na mtandao nyumbani kwake. Simu zetu sisi ni za kupigia tu.

Nikaiwasha. Haikuwa imeguswa tangu msiba. Ikawaka vizuri, na pale pembeni pa mtandao ikatokea pembetatu ya njano.

Nilifanya kila anachofanya mtu asiyejua. Nikazima, nikawasha. Nikachomoa waya, nikaupuliza, nikaurudisha. Jana nikaenda dukani walikotuuzia kadi nikagombana nao, wakaniita mana, yaani dada kwa Kireno, wakaniambia kwa upole kwamba mtandao uko sawa, tatizo liko kwako. Nilitoka pale nimenuna. Na kweli, mpangaji wetu alikuwa anatumia laptop yake kama kawaida kabla hajaondoka wiki mbili zilizopita.

Huyo ni Hélder, kijana wa Nampula. Tangu gesi ionekane huko baharini, kila nyumba yenye chumba cha ziada hapa mjini ina mpangaji, na sisi tumempata yeye. Yuko kazini Palma wiki mbili, huku siku chache. Mtu mstaarabu, tangu msiba anapita kwenye ukumbi kwa kunyata.

Leo mchana akarudi. Nikamweleza shida yangu pale barazani. Akaniuliza mashine inachukua namba yenyewe au imewekewa. Nikamwambia imewekewa na marehemu. Akajikuna kichwa, akatazama chini. Nikajua kuna jambo.

Kumbe siku ile ya msiba, wanawake walipokuwa wanatoa viti ili kutandika mikeka, mtu alichomoa ruta. Hélder akatoka Palma, akairudisha kwenye umeme, taa ikawa nyekundu, na yeye ana ripoti ya kazini inasubiriwa. Angebisha mlango wa chumbani angepata msaada. Lakini ndani tunalia. Akaona haya. Akachukua pini, akabonyeza kile kitundu cha nyuma, ruta ikasahau kila kitu na kurudi kama ilivyotoka kiwandani. Yeye akapata mtandao, na hamsini na saba ya baba ikafutika, na nyumba nzima hakuna aliyejua.

Wallahi nilikasirika. Nilitaka kumwambia maneno. Lakini ningemwambia nini? Kwamba alituheshimu kupita kiasi? Sisi wenyewe ndivyo tunavyowafundisha wageni, kwamba nyumba yenye kilio haisumbuliwi.

Basi tukaanza kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kichekesho. Yeye angeitengeneza kwa dakika chache, ila haingii chumbani kwa mama. Mashine nayo haitoki kwa sababu ya waya wa baba. Kwa hiyo Hélder akakaa uani juu ya kinu kilichopinduliwa, mgongo akaugeuzia dirishani, na mimi ndani nikamsomea kwa sauti kila kinachoandikwa kwenye kioo, Kireno chote kile, na yeye ananijibu akiwa anatazama kuku. Mama yuko kitandani nyuma yangu na tasbihi yake, kimya.

Akanieleza kwamba mashine bado inaishi kwenye mtaa wa namba za baba, na ruta imehama mtaa. Niiandikie anwani mpya. Namba ya mwisho nichague mwenyewe, akasema, yoyote ambayo haina mtu. Nikaandika hamsini na saba. Hakujua kwa nini nimekawia pale, na sikumwambia. Nikabadilisha na mstari wa njia ya kutokea, yaani anwani ya ruta.

Pembetatu ikaondoka. Nikafungua ukurasa, haufunguki. Nikajaribu mwingine, hola.

Hélder akanisomea namba tupu za mahali fulani huko duniani, nikazijaribu, zikajibu. Basi mtandao upo, akasema, namba zinapita, majina ndiyo hayapiti. Akaniuliza mstari wa mwisho, ule wa DNS, nimeandika nini.

Nikautazama mstari ule.

DNS naijua. Baba mwenyewe alinieleza: ni opereta. Unamwambia nipe duka la fulani, yeye ndiye anayejua namba ya duka. Na mstari ule ulikuwa bado na anwani aliyoandika baba. Niliuona tangu mwanzo. Niliuruka kwa makusudi. Mingine nilikwisha ifuta, na huu ulikuwa wa mwisho ulioandikwa kwa vidole vyake, basi nikajidanganya kwamba labda hauna neno. Mashine ilikuwa inamwita opereta aliyekwisha hama, na mimi naiacha iite.

Hélder akauliza tena, taratibu. Mana Zaina, mstari wa mwisho?

Machozi yalikuwa yameshanitoka.

Hapo mama akazungumza. Hakuninong'oneza. Alisema kwa sauti yake kamili, iliyotoka dirishani mpaka uani, na Hélder akashtuka karibu aanguke kutoka kwenye kinu.

"Futa, mwanangu. Baba yako hayumo humo. Nataka kumwona Tumu."

Nikafuta. Nikaandika anwani ya ruta ya sasa. Ukurasa ukafunguka mara moja, bila sherehe yoyote. Nilipochungulia dirishani kumshukuru Hélder, alikuwa ameshaondoka, kinu amekirudisha wima mahali pake.

Alasiri shemeji Bakari akatupigia kwa laptop yake. Tumu akatokea kwenye kioo, anatabasamu, anasema sijambo mama, pole mama. Mama alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Mimi niliona mdogo wangu kanenepa kidogo, basi. Mama aliona macho yaliyozama na uso uliovimba, akamwambia anyanyue mkono. Vidole vimejaa, pete imevuliwa. Akamwuliza kichwa. Tumu akaanza kusema ni joto tu, mama akamkatiza, akamwita Bakari kwa jina lake.

"Mpeleke hospitali sasa hivi. Usingoje kesho, wala usingoje chai."

Bakari ni mtu wa kubishana, lakini leo hakubisha. Laptop ikabaki wazi mezani, na sisi huku tukabaki tunatazama kiti kitupu na pazia la Mtwara.

Baada ya magharibi simu ikalia. Presha ilikuwa juu mno. Daktari alimwambia Bakari kwamba wangelala nyumbani wangeamkia mengine. Wamempasua. Mtoto ni wa kike, mdogo lakini analia vizuri, na Tumu yuko hai. Mama aliiweka simu chini akasujudu pale pale alipokuwa. Halafu akalia, kilio ambacho hata siku ya kumzika baba hakukilia, na mimi nikamshika, tukalia sote.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Leo kilipita mlangoni kwetu, kikaenda zake.

Nakaa sasa sebuleni naandika haya. Najiuliza kama ningeufuta mstari ule bila kukawia, Tumu angewahi zaidi. Ndiyo, angewahi. Ningemwuliza Hélder mapema kwa simu badala ya kugombana na wenye duka, angewahi zaidi. Na yeye angetubishia mlango siku ile, tusingefika huku kabisa. Wote tulikuwa tunaheshimu kitu.

Nimekata kipande cha karatasi nikakibandika juu ya ruta. Kwanza niliandika: Usibonyeze kitundu. Nikakisoma, nikaona hakijatosha. Nikaongeza chini yake, kwa herufi kubwa ili Hélder aone akipita kwa kunyata kwake:

Bisha hodi. Hata tukiwa tunalia, bisha hodi.