Vijiti Vyekundu vya Dada Mitsue

Matsue, 2 Novemba 1986

Kwa Dada Mitsue,

Kwa masikitiko makubwa nakutangazia kifo cha vijiti virefu vya kupikia vya Mama, kilichotokea jana jioni ndani ya sufuria ya mafuta, marehemu wakiwa kazini. Kijiti kimoja kilikatika katikati. Cha pili ki hai, ila ni mjane. Mazishi yamefanyika kwenye moto wa kuchemshia maji ya kuoga. Hakuna matanga.

Baada ya tangazo hilo, pokea salamu. Hujambo wewe na shemeji? Baridi ya Hakodate imeshawauma, au bado inanoa meno? Sisi huku tu wazima. Mama anapata taabu kupanda ngazi, lakini ulimi wake haujazeeka hata siku moja. Aliponikuta nimesimama jikoni na kijiti kimoja mkononi, kama mpiga ngoma aliyefukuzwa bendi, alisema, "Mitsue alivitumia miaka kumi. Havikukatika."

Miaka kumi! Na mimi ninayempikia sasa tangu uondoke, kila siku nikitoka posta, sijasikia hata "si mbaya."

Sinia lako, usiwe na wasiwasi, lipo. Tangu uhamie huko mwezi wa nne, Mama hajakosa jioni hata moja kukutengea, kama atengewavyo aliye mbali na nyumbani: bakuli la wali, supu ya kome wa ziwani yenye mfuniko, kipande cha samaki (kile kinono), na vijiti vyako vyekundu vya kulia juu ya kijiwe cha kuvilazia. Kabla sisi hatujagusa chakula, anainua mfuniko na kutazama matone ya mvuke. Yakiwa mengi anasema, "Mitsue mzima." Juzi nilikuwa na mafua, nimepiga chafya tatu mbele yake. Yeye akawa anauliza mfuniko habari zako.

Na unajua anayekula chakula chako kikishapoa ni nani. Mama hataki kitupwe. Kitambi nilicho nacho, dada, nusu ni mali yako. Siku ukija, njoo na mkoba wa kukibebea.

Mdogo wako mpishi,
Noboru


Hakodate, 9 Novemba 1986

Mdogo wangu Noboru,

Salamu zako zimefika, na rambirambi zangu ndizo hizi. Huku theluji ya kwanza imeanguka. Shemeji yako hajambo, kifua tu kinamsumbua asubuhi. Mafua yako yameisha? Kunywa chai ya tangawizi, usisubiri mfuniko.

Nimekucheka mpaka shemeji yako akapunguza redio. Mwanamume wa miaka hamsini na mbili anaonea wivu bakuli! Hebu tubadilishane. Mimi hapa nakula na mtu asiyefungua kinywa mpaka habari ziishe, na zikiisha anasema "haya." Wewe unagombezwa na Mama kila siku. Ningelipa nauli nije nigombezwe mara moja.

Nimekutumia vijiti vipya vya mwanzi. Usikate uzi unaoviunganisha juu, ndio unaovifanya visipotezane. Tena usivitie kwenye mafuta kukorogea. Chovya ncha tu. Ukiona vipovu vinaizunguka, mafuta yako tayari. Mara ngapi nilikuonyesha? Na mayai ya kukunja hugeuzwa kwa kifundo cha mkono, si kwa bega. Wewe ukigeuza yai utadhani unahamisha kabati.

Mbusu Mama. Najua hapendi. Mbusu hivyo hivyo.

Dada yako,
Mitsue


Matsue, 20 Novemba 1986

Dada,

Natumaini mko salama na kifua cha shemeji kimepoa. Sisi hatujambo.

Vijiti vimefika. Mama amevipokea kwa mikono miwili, akaviweka mbele ya picha ya Baba, penye ubani. Leo ni siku ya nne. Nikiviomba ananiambia, "Vipumzike, vimetoka mbali." Mimi nageuza samaki kwa vijiti vyangu vya kulia, vifupi, na vidole vyangu viwili vimeungua. Hivyo navyo havijatoka mbali, basi havina haki ya kupumzika.

Mayai ya kukunja nilimpikia Jumapili. Kwa kifundo cha mkono. Akala, akafuta mdomo, akasema, "Ya Mitsue yalikuwa na tabaka saba." Nilihesabu yangu. Yalikuwa sita.

Habari nyingine ni ndogo tu. Vijiti vyako vyekundu havionekani tangu wiki iliyopita. Nashuku panya. Nitakununulia vingine.

Mdogo wako,
Noboru


Hakodate, 27 Novemba 1986

Noboru,

Mnaendeleaje? Vidole vimepona? Mimi ni mzima. Narudia kwa sababu nimeulizwa: mimi ni mzima.

Jana nimepata kadi kutoka kwa Mama. Mama, ambaye hajaandika tangu macho yaanze kumsumbua. Maandishi yamepinda kama njia ya sisimizi kwenye mvua. Ameandika mstari mmoja: "Mitsue, kama unaumwa usinifiche." Nimemjibu kwa simu ya maandishi siku ile ile.

Panya hali rangi ya vijiti, mdogo wangu. Nami nawafahamu panya wa nyumba ile kuliko unavyodhani, kwa hiyo kaa chini nikusimulie jambo ambalo sijamwambia mtu kwa miaka thelathini.

Ulipokwenda Osaka, kule kiwandani, ulikuwa na miaka kumi na tisa. Ulikaa miaka sita. Jioni ya siku uliyoondoka Mama alitenga sinia. Wali, supu yenye mfuniko, samaki mnono, vijiti vyako vyeusi. Miaka sita, Noboru, na miaka ile chakula hakikuwa cha kuchezea. Mimi ndiye niliyekuwa napika. Mimi ndiye niliyekaa mbele ya Mama. Naye aliinua mfuniko akasema, "Noboru mzima." Wali wako wa baridi niliula mimi. Hukujua, kwa sababu aliye safarini haoni sinia lake.

Uliporudi ulikuta alama za meno kwenye ncha za vijiti vyako, ukampiga teke mbwa wetu Kuro. Kuro hakuwa na hatia. Yale meno ni yangu. Niliviuma jioni moja, Mama alipokwenda kuchota maji, nikauma mpaka nikasikia rangi ikipasuka.

Sikuwahi kukuomba radhi. Nakuomba leo. Kuro nitamwomba huko mbele.

Sasa niambie huyo panya wangu anaitwa nani.

Dada yako,
Mitsue


Matsue, 14 Desemba 1986

Dada Mitsue,

Shikamoo, dada. Pole kwa baridi, na pole kwa wiki mbili za kimya. Mtu wa posta anayeshindwa kujibu barua anapaswa kunyang'anywa kofia. Nimesoma barua yako mara nyingi. Nimefungua droo, nikavitoa vijiti vyangu vyeusi vya zamani, nikagusa meno yako. Una pengo upande wa kulia, kumbe. Nimekusamehe. Sasa sikiliza ilivyokuwa kweli, bila panya.

Vijiti vyako vyekundu nilivichukua mimi, tarehe kumi na tatu asubuhi, Mama akianika magodoro. Nikavifunga kwa gazeti, nikavificha posta, kwenye droo yangu chini ya mihuri. Nilijiambia: vijiti visipokuwepo, sinia halitakuwepo, na Mama atatazama upande wangu.

Jioni ile alitafuta kila mahali, mpaka ndani ya pipa la mchele. Sikumsaidia. Nilisema, "Panya." Siku tatu alikutengea vijiti vya kutupa, vile tunavyowapa wageni, na kila akivitazama aliguna. Mtoto wa nyumba kulia vijiti vya mgeni! Siku ya nne aliosha vijiti vyake mwenyewe, akavilaza kwenye kijiwe chako. Yeye akala kwa kijiko.

Kijiko, dada. Kama mgonjwa. Wali ukamwangukia kwenye aproni, akauokota punje kwa punje kwa vidole. Hakunilaumu. Mimi niliendelea kula. Nilikuandikia habari za panya siku tatu baadaye, naye bado anakula kwa kijiko. Kadi yake nadhani aliiandika siku hiyo hiyo. Naona aibu kuyaandika haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Barua yako ilipofika nilivirudisha. Ujasiri sikuwa nao, nilivitia kwenye droo ya jikoni nikaita, "Mama! Kumbe vilikuwa hapa chini!"

Alivipokea, akavigeuza mwangani, akapitisha kidole kwenye ncha, polepole.

"Panya wa safari hii ana adabu," akasema. "Yule wa kwanza aliviuma."

Alijua, dada. Yako na yangu. Nikamwuliza mbona hakusema. Akasema, "Kuro alikuwa mbwa mvumilivu," akaenda kuosha mchele.

Jana jioni alinipa vijiti vyako vya mwanzi nipikie. Alitenga sinia lako na kila kitu chake. Kisha akafungua kabati, akatoa mfuniko wa pili, wenye ufa kidogo ukingoni, ule uliokuwa wangu nikiwa Osaka. Akafunika bakuli langu. Tukangoja. Akainua wako, akatazama matone. "Mitsue mzima." Akainua wangu, akautazama muda mrefu, halafu akanitazama mimi.

"Noboru yupo," akasema.

Kisha akaonja supu. "Na chumvi ipo."

Nimekula ya kwangu, nikala na yako.

Mdogo wako,
panya